Mlango wa Ghorofa ya Tisa

Alhamisi, 2 Oktoba 2025. Mvua: hakuna.

Daftari hili nimepewa bure na duka la mbegu pale Kitale. Kila ukurasa una nafasi juu ya kuandika mvua, na mistari chini ya kuandika kazi za siku. Mke wangu Jelagat ameligeuzageuza akasema mvua haitaki kuandikwa, inataka turubai. Kisha akaenda kukamua ng'ombe.

Leo tumekata mahindi ekari tatu, upande wa barabara ya Endebess, tukayasimamisha mafungu yakauke. Zimebaki tano. Nimewafuata wafanyakazi mstari kwa mstari, maana ukiwapa mgongo tu wanayaegemeza ovyo na upepo wa mlimani unayalaza. Jelagat anasema nina ugonjwa wa kutoamini mikono ya watu. Pengine ninao.

Jumamosi, 4 Oktoba. Mvua: kidogo, jioni.

Farid amenipigia simu kutoka Bungoma. Hatujaonana tangu Januari, na lawama ni yangu. Tulikaa dawati moja sekondari miaka minne, mimi Nyongesa mtoto wa mkulima wa Sirisia, yeye mtoto wa mwenye duka la kuchapa barua nyuma ya msikiti. Baadaye akawa fundi wa kompyuta. Watu walimletea mashine zao hata kutoka Webuye, mpaka ugonjwa wa sukari ulipoanza kumla macho, kisha ukashuka kwenye figo.

"Mkono," akaniita. Hakuna mwingine duniani anayeniita hivyo. "Bado unavuna?"

"Ndio tumeanza."

"Si ukuje basi Jumamosi ijayo. Nataka tumalize Korido."

Nikacheka. Yeye hakucheka, nikajua hatanii.

Jumapili, 5 Oktoba. Mvua: hakuna.

Mahubiri ya leo sikuyasikia, nilikuwa nawaza Korido. Afadhali niandike nipumzike.

Mwaka 2000, tukiwa kidato cha tatu, babake Farid alikuwa na kompyuta moja dukani, na ndani yake kulikuwa na mchezo wa bunduki. Jina lake halisi lilikuwa la Kiingereza, hatukulitumia. Tuliuita Korido kwa sababu ulikuwa korido mwanzo mpaka mwisho. Wewe ni mfungwa umeamka katika jela iliyochimbwa chini ya ardhi, ghorofa tisa. Mfungwa mwenyewe humwoni. Unaona anachokiona yeye: kuta za mawe, milango ya chuma, na bastola imenyooshwa mbele yako katikati ya skrini. Unapanda ghorofa moja baada ya nyingine, unatafuta funguo, unapigana na walinzi, hadi ghorofa ya tisa yenye mlango mwekundu. Nyuma ya mlango huo liko jitu tuliloliita Bwana Jela, na nyuma ya Bwana Jela kuna nje.

Watoto wa leo wangetucheka. Picha zenyewe ni viboksi viboksi; mlinzi akikukaribia, uso wake unageuka kama sakafu ya vigae. Lakini sisi tulikuwa tukitoka jasho mle dukani, na Farid aliwahi kuanguka na kiti kwa kukwepa risasi.

Kibodi ilikuwa moja na sisi wawili, na hakuna aliyekubali kukaa akitazama. Basi tukagawana mfungwa. Farid alishika mishale, akawa Miguu. Mimi nilishika kitufe cha kufyatulia na kile cha kufungulia milango, nikawa Mkono. Tulicheza hivyo mwaka mzima bega kwa bega, hadi ikawa yeye akigeuka kulia mimi nimeshafyatua.

Ghorofa ya tisa hatukuipita. Ulikuwa mwaka wa mgao wa stima, na stima ilikuwa ikipotea mchana bila kuaga. Siku tuliyofika mlango mwekundu tulikuwa tumebaki na afya kumi na moja kwa mia. Mimi, kwa kuogopa stima, nikahifadhi mchezo palepale, juu ya ule tuliokuwa tumehifadhi zamani. Kuanzia hapo kila tulipoufungua tuliamka mlangoni tukiwa nusu maiti, tukafungua, tukafa. Tulikufa namna hiyo labda mara mia. Kisha ikaja mitihani, babake akauza duka, kila mtu akashika njia yake.

Nilidhani Korido ilipotea na kompyuta ile. Kumbe Farid ameihamisha mashine hadi mashine miaka ishirini na mitano.

Jumamosi, 11 Oktoba. Mvua: hakuna.

Nimefika kwa Farid saa nne. Aliyenifungulia ni Arafa, dada yake mkubwa, anayeishi naye na kushona sare za shule barazani. Mama huyu hajawahi kunichekea tangu nikiwa na suruali fupi.

"Karibu, kaka Nyongesa. Dakika arobaini," akasema kabla sijakaa, akanionyesha saa ya ukutani.

Nilimsikia Farid kabla ya kumwona. Nyayo za mfungwa zilikuwa zikisikika kutoka chumbani, tap, tap, tap, halafu mlango wa chuma ukiguna. Nikaingia. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, amekonda, vidole kwenye mishale, anatembea. Skrini ilikuwa imezimwa.

"Farid, si uwashe skrini?"

"Ya nini? Inakula stima bure."

Januari alikuwa bado anaona kivuli cha mtu. Yeye akacheka akapapasa kiti cha upande wa kushoto, mahali pangu. "Kaa, bana. Washa yako. Wewe ndiye mwenye macho."

Anahesabu. Hatua kumi na nne, kulia, mlango. Hatua sita, kushoto, mlinzi anakohoa. Jela yote imo kichwani mwake, na akigonga ukuta anajirekebisha kwa sauti ya mfungwa kuguna. Ameanza mchezo upya kutoka ghorofa ya kwanza ili safari hii tufike mlangoni tukiwa wazima. Mkono wangu ulikuwa umeota kutu. Nilikuwa nafyatua mlinzi akishapita, na Farid ananiambia, "Mkono, umelala? Huyo amekusalimia akaenda!" Tumepita ghorofa mbili.

Kabla sijaondoka alinishika kiganja akaniambia kitu kimoja bila mzaha. "Macho yameenda, sawa. Na hizi figo sijui kama zitanifikisha mwaka mpya, daktari mwenyewe hajui. Lakini ile nje sijawahi kuijua. Nataka wewe uione halafu uniambie kuna nini. Uniambie wewe, si mtu mwingine."

Nimemwahidi. Ni mlango mmoja tu.

Jumanne, 14 Oktoba. Mvua: hakuna. Ekari zote zimekatwa.

Jumamosi, 18 Oktoba. Mvua: radi tu.

Ghorofa ya tatu, ya nne na ya tano. Tumerudiana. Leo hatukuhitaji kusemezana, akigeuka, nafyatua. Katikati ya ghorofa ya nne nilisahau kabisa kwamba haoni.

Alinifundisha jambo ambalo hatukulijua utotoni. "Lile jitu kubwa halipigwi ukiwa umesimama," akasema. "Na ukirudi nyuma umekwisha. Unalizunguka. Nimelifikiria hili miaka, nikitengeneza kompyuta za watu."

Tulikuwa mbele ya ngazi ya ghorofa ya sita Arafa alipoingia akasimama mlangoni na kikombe. "Dakika arobaini zimekwisha."

"Dada Arafa, tuongezee kumi tu," nikamwambia.

"Hapana."

Akabonyeza kitufe mwenyewe, skrini ikazima. Farid akatoa vidole kwenye mishale kama mtoto wa shule. Nimerudi Kitale nimenuna njia nzima. Mtu amebakiwa na furaha moja na dada yake anampimia kwa saa.

Jumatano, 22 Oktoba. Mvua: kubwa, saa tisa hadi jioni. Haikutakiwa.

Ijumaa, 24 Oktoba. Mvua: kubwa.

Mafungu ya bondeni yameloa mpaka ndani. Nimeumenya muhindi mmoja nikakuta punje za nchani zimeanza kuota. Majirani wote wanataka mashine ya kupukuchua, na mashine ni moja, ya Kipkoech. Ukikosa zamu yako unarudi mwisho wa foleni. Zamu yangu ni keshokutwa asubuhi.

Jumamosi, 25 Oktoba. Mvua: hakuna Bungoma, Endebess sijui.

Ghorofa ya sita, ya saba, ya nane. Farid alikuwa amechoka, jana alikuwa hospitalini kusafishwa damu, lakini vidole vyake havikukosea hata pembe moja. Tumefika mlango mwekundu tukiwa na afya themanini na mbili. Saa ya ukutani ilionyesha tumebakiza dakika tano.

"Tupo?" akauliza.

"Tupo. Mlango ni huu hapa."

"Fungua basi, Mkono."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Ndipo Jelagat akapiga simu: mawingu yamefunga mlima, na Kipkoech anasema huenda akaleta mashine leo usiku badala ya kesho. Nikamwambia Farid tusiuharakishe mlango tulioungoja miaka ishirini na mitano, tuhifadhi hapa, Jumamosi nije na siku nzima, hata Arafa nitamwomba.

"Jumamosi," akasema.

"Jumamosi."

Nikahifadhi. Safari hii sikuandika juu ya kitu.

Jumapili, 26 Oktoba. Mvua: kubwa. Mashine imekwama matopeni kwa jirani. Haikufika.

Jumamosi, 1 Novemba. Mvua: kubwa tangu alfajiri.

Sikwenda. Tumevunja mahindi ya bondeni tukayaingiza nyumbani, hata sebuleni. Tunaruka mahindi kwenda kulala. Nilimpigia Farid. "Si kitu, bana. Jumamosi," akasema. Nyuma yake nilisikia nyayo za mfungwa, tap, tap. Nikafurahi kwamba anajipumbaza.

Jumatano, 5 Novemba. Mvua: kidogo. Jua saa mbili nzima. Tumeanika.

Jumamosi, 8 Novemba. Mvua: hakuna asubuhi.

Sikwenda. Kipkoech aliahidi mashine leo. Nimemngoja getini tangu saa moja hadi saa kumi na moja kama mtu anayengoja mgeni wa mahari, na hakutokea. Jelagat aliniambia saa tatu, "Si uende kwa Farid? Mimi niko. Hiyo mashine ikikuja, mimi sijui kushika gunia?" Nilimwambia hawezi kuwasimamia wale vijana peke yake. Ameishi na mahindi tangu azaliwe, babake alikuwa mkulima mkubwa kunishinda mimi, na bado nilimwambia hivyo.

Farid hakushika simu. Arafa alishika. "Amelala. Alikaa kiti kile kukungoja mpaka adhuhuri." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka tu. Nikamwambia Jumamosi ijayo bila kukosa. Akasema, "Inshallah, kaka."

Alhamisi, 13 Novemba. Mvua: hakuna.

Farid mwenyewe amenipigia jioni. Anaongea kwa kukata pumzi. Akaniuliza mahindi yamefika wapi, nikamweleza kwa kirefu, unyevu, mashine, Kipkoech, kila kitu. Alisikiliza yote. Mwishoni akasema, "Wewe maliza kuvuna, Mkono. Miguu haiendi popote."

Jumapili, 16 Novemba. Mvua: jana, kubwa, kuanzia saa saba.

Sijui niandike wapi. Mistari ya kazi za siku ndiyo hii.

Mashine ilifika jana saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili na nusu tulikuwa tumepukuchua nusu ya lundo, punje zimetandazwa kwenye maturubai uwanja mzima, na kule mlimani mawingu yameanza kukusanyika. Simu ikalia. Mngurumo wa mashine ulikuwa mkubwa, nikaenda nyuma ya zizi.

"Kaka Nyongesa," Arafa akasema. "Farid ametutoka alfajiri hii. Tunamzika leo baada ya adhuhuri."

Nilimjibu nakuja. Hilo nalikumbuka. Nilikuja nikamwambia Jelagat, akaweka debe chini, akanitazama. "Enda saa hii. Hii mahindi nitaangalia mimi."

Na mimi nikapiga hesabu. Naandika hesabu yenyewe hapa ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilisema: maziko ni baada ya adhuhuri. Kwetu maziko ya saa sita ni maziko ya saa kumi. Lazima programu isomwe, ukoo useme, majirani waseme, shule aliyosoma iseme, kila mwanasiasa apewe dakika mbili ale ishirini, na rafiki wa marehemu aitwe mbele aseme walivyokutana. Nilijiona nimeitwa. Nilikuwa hata nimeanza kupanga nitakachosema. Nikahesabu kwamba nikiondoka saa tano na nusu, punje zikiwa kwenye magunia, nitafika saa nane na nusu na hotuba zitakuwa katikati.

Nimejuana na Waislamu tangu nina miaka kumi na minne. Babake Farid alipokufa nilikuwepo, tulimsindikiza asubuhi na kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tumerudi. Ninajua hawakawizi maiti. Ninajua hakuna programu. Lakini kichwa changu kilichukua maneno ya Arafa kikayaweka kwenye saa ya Sirisia, kwa sababu saa hiyo ndiyo iliyonipa nafasi ya kubaki na mahindi yangu.

Jelagat alirudi mara ya pili. "Nyongesa. Huyu ni Farid."

"Nimalize hii ya mwisho," nikasema.

Niliondoka saa tano na nusu kamili. Nilipofika Kiminini Jelagat akanipigia: mvua imeshuka ghafla, na wamefunika kila kitu, hata punje moja haikuloa. Walitumia dakika kumi. Hawakunihitaji wakati ule wala kabla yake.

Makaburini nilifika saa tisa kasoro. Hakukuwa na mtu. Udongo ulikuwa mwekundu na bado umelowa yale maji wanayonyunyiza. Nilisimama na koti langu la mazishi na karatasi ya hotuba mfukoni, mvua ikanipata pale.

Nyumbani wanawake walikuwa ndani, wanaume wamekaa kwenye mkeka barazani. Arafa alitoka akasimama mlangoni.

"Umechelewa, kaka," akasema. Akaniletea taulo nijifute kichwa.

Nililia mbele ya wanaume wale wote, nikilia kama ng'ombe. Kijana mmoja alitazama pembeni. Mzee mmoja akanishika bega akaniambia nimwombee ndugu yangu. Sikumwambia kwamba nilikuwa nashona magunia.

Jumatatu, 17 Novemba. Mvua: sijaangalia.

Ijumaa, 21 Novemba. Mvua: hakuna.

Mahindi yamekauka vizuri. Kila mtu anasema mwaka huu nimebahatika.

Jumatano, 26 Novemba. Mvua: hakuna.

Jelagat ameniuliza kama nitakaa hivi mpaka Krismasi. Nikamwambia sijui. Akasema, "Yule dada yake ako peke yake. Enda umwone. Usiende na maneno mengi." Amenifungia mahindi mapya ya kupika na maziwa ya mala. Kila mara huyu mwanamke ameniambia "enda" amekuwa sahihi, na kila mara nimebaki.

Jumamosi, 29 Novemba. Mvua: hakuna.

Arafa alikuwa kwenye cherehani yake barazani. Nimempa vya Jelagat, nimempa pole upya, tukakaa. Mlango wa chumba cha Farid ulikuwa wazi na kompyuta ipo palepale. Ndipo akaniambia mambo ambayo nilipaswa kuyauliza zamani.

Zile dakika arobaini hazikuwa ukali. Farid akipita hapo sukari ilikuwa ikimshuka, vidole vikaanza kutetemeka, na hakutaka mimi nimwone hivyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba dada yake awe anatukatiza. "Alisema, 'Afadhali Mkono akuchukie wewe kuliko anihurumie mimi,'" Arafa akasema. "Nikakubali. Nimezoea kuchukiwa na rafiki zake."

Nikamwomba msamaha. Akapungia mkono kama anafukuza nzi.

"Na mimi nimecheza," akasema.

"Umecheza nini?"

"Hicho kitu chenu. Siku ambazo wewe hupo, alikuwa ananiita niwe mkono. Mimi na umri huu, napiga bunduki na kanzu ya watu iko kwenye cherehani! Ati nilikuwa natisha. Nimepiga ukuta kuliko askari." Akacheka kidogo, kisha akaacha.

Nikamwuliza kama walifungua mlango mwekundu.

"Ule? Hata siku moja. Tukifika hapo ananiambia hifadhi, andika jina, basi, zima."

Tukaingia. Nikawasha skrini, nikafungua orodha ya michezo iliyohifadhiwa. Wa kwanza ulikuwa ule wa mwaka 2000, afya kumi na moja. Wa pili ulikuwa wangu wa Oktoba, themanini na mbili. Halafu ikafuata mitatu niliyokuwa siijui, imeandikwa na Arafa, herufi kubwa:

JUMAMOSI 1 NOV. Afya 91.
JUMAMOSI 8 NOV. Afya 97.
JUMAMOSI 15 NOV. Afya 100.

Kila wiki alikuwa ameanza upya kutoka ghorofa ya kwanza, dakika arobaini kwa siku, haoni, na dada yake anapiga kuta, ili nikifika Jumamosi nikute tuna afya nzuri zaidi na risasi za kutosha. Huo wa mwisho waliumaliza Ijumaa magharibi. Alfajiri yake akafa.

Mimi Alhamisi ile nilikuwa nimemweleza habari za Kipkoech.

Sikuweza kushika kibodi. Nilimwambia Arafa nitarudi Jumamosi, na neno hilo lilipotoka kinywani nikaona aibu. Akaniangalia moja kwa moja. "Safari hii uje," akasema.

Jumanne, 2 Desemba. Mvua: hakuna.

Nimemwachia Jelagat funguo za ghala na daftari la magunia. Akauliza kama ninaumwa.

Jumamosi, 6 Desemba. Mvua: hakuna. Jua kali.

Nimefika Bungoma saa mbili asubuhi. Arafa akaweka cherehani pembeni, mlango wa baraza ukaachwa wazi, tukaketi. Hapo ndipo tulipogundua shida yetu. Mimi ni mkono, na yeye alifundishwa kuwa mkono. Hakuna hata mmoja wetu anayejua kutembea.

"Kaa kwake," akasema.

Nikakaa kiti cha kulia. Mishale ilikuwa imefutika alama zote kwa vidole vyake, plastiki imebaki laini. Tukafungua ule wa tarehe kumi na tano, afya mia moja. Mlango mwekundu ukafunguka, nikaingia nikajikwaa kwenye nguzo, Bwana Jela akatumaliza kabla Arafa hajafyatua mara mbili. Tukafungua tena. Mara ya pili nilirudi nyuma kwa woga, tukafa. Ya tatu, ya nne, nikapoteza hesabu. Arafa alikuwa akisema "Astaghfirullah" kila tulipokufa na "Haya" kila tulipoanza.

Baada ya saa moja hivi nilifumba macho. Sikukusudia kufanya ajabu lolote, yalikuwa yanachoma. Nikahesabu kama alivyokuwa akihesabu yeye. Hatua nne mbele, kushoto, zunguka. Nyayo za lile jitu zilikuwa nzito upande wa kulia, nikazifuata kwa sikio, nikazunguka, nikazunguka, na Arafa anafyatua na kunena peke yake. Kisha kishindo. Kisha kimya.

"Kaka," akasema, "fungua macho. Ni wewe alitaka uone."

Nimeona. Mfungwa ametoka kwenye shimo. Kuna uwanja wa kijani, rangi moja tu, kama kitambaa kilichotandazwa. Kuna barabara ya udongo inayokwenda mbali na haifiki popote. Juu ni buluu tupu. Nikageuza kichwa cha mfungwa pande zote, nikatazama juu, nikamzungusha mara tatu. Jua hakuna. Hawakulichora. Labda lilisahauliwa, labda nafasi kwenye diski iliisha. Mbio zote zile za ghorofa tisa, na jua hawakulichora.

Arafa akauliza, "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo."

Akajifuta macho kwa mtandio. "Nenda ukamwambie."

Adhuhuri ilipokuwa ikiadhiniwa nilikuwa njiani kwenda makaburini. Mahali pake nimepajua bila kuuliza. Udongo umetulia na majani madogo yameanza kuota. Hapakuwa na mtu, na nilikuwa nimevaa lile koti. Nikasimama kama wanavyosimama kwetu mtu akiitwa mbele, nikajitaja jina.

"Mimi naitwa Nyongesa, kutoka Sirisia, siku hizi niko Endebess. Marehemu tulikutana dawati moja." Nikasema tulivyogawana kibodi. Nikasema alivyoanguka na kiti. Nikasema nilihifadhi mchezo vibaya mara moja nikiwa mtoto, na mara ya pili nikiwa mtu mzima nilipomwambia Jumamosi. Nikasema nilikuwa nashona magunia wakati anateremshwa, na kwamba mke wangu aliniambia niende mara mbili. Kwetu mtu akisema sana anavutwa koti akae. Hakuna aliyenivuta.

Halafu nikafika kwenye nje. Nilikuwa nimewaza njia nzima nimwongezee jua, nani angejua. Lakini nimemdanganya vya kutosha mwaka huu. Nikamwambia kuna uwanja wa kijani, barabara ya udongo na anga ya buluu, na jua hawakuchora, bana. Nikangoja pale ambapo angecheka.

Kisha nikakaa chini kando yake, koti na yote. Nilikaa mpaka saa kumi.